Mlango Niliouziba Macho

Kama gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungia maandazi, na hukusoma niliyokiri huko nyuma, nitakueleza kwa ufupi, kisha usinikatishe.

Naitwa Hilaria, nyumbani wananiita Mama Eva kwa jina la mtoto wetu. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na moja, nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Naishi Mbulu mjini na mume wangu Agustino, dereva wa lori mstaafu mwenye goti bovu, pamoja na mama yake, Bibi Qamara, ambaye hajui umri wake na hataki kuulizwa. Yupo pia Julius, mdogo wake Agustino, anayeendesha pikapu ya nyumbani kufuata mahindi huko Balangdalalu.

Mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, kila mwenye uwezo hapa Mbulu akijenga nyumba ya bati la rangi, Agustino alikuta Arusha jumba linabomolewa. Akanunua mlango wake wa gereji. Mlango wa umeme, vipande vinne vya chuma vilivyoungwa kwa bawaba, unapanda wenyewe kwenye reli na kwenda kulala chini ya dari. Majirani walikuja kuutazama wiki nzima.

Rimoti yake ina kitufe kimoja tu. Mlango ukiwa chini, unapanda. Ukiwa juu, au umekwama njiani ukipanda, unashuka. Sisi wa nyumbani tunatumia kitufe cha ukutani; rimoti anakaa nayo Julius, na Julius ni mvivu. Hapendi kusubiri getini. Akifika kona ya kanisa, nyumba mbili kutoka kwetu, anapiga honi mara mbili na kubonyeza, ili akiingia akute kazi imekwisha.

Wiki iliyopita nilikiri dhambi ya kwanza. Mlango ule ulikuja na vijicho viwili vyeusi, kimoja kila upande, shubiri moja kutoka sakafuni. Vinatazamana. Mlango ukiwa unashuka na kitu kikapita katikati yao, unasimama na kurudi juu. Ni kinga ya uhai wa mtu. Lakini gereji yetu haikuwa na pikapu peke yake. Ilikuwa na ndama wa Bibi Qamara, maana kwetu ndama halali nje kwenye baridi, analala ndani chini ya paa moja na watu. Kila jioni ndama anapitisha mkia, mlango unarudi juu. Nabonyeza tena, ndama mwingine anapitisha pua, mlango unarudi tena.

Siku moja nikachoka. Nikachukua bisibisi, nikavifungua vile vijicho, nikavipandisha kwenye boriti, nikavitazamanisha na kuvizungushia solotepu nyeusi vitazamane huko juu milele. Tangu siku hiyo mlango ukawa kipofu, na mimi nikalala mapema.

Mhariri amenipa barua kumi na moja za wasomaji kuhusu jambo hilo. Mmoja wa Babati ameniita mpumbavu. Sina ubishi naye. Ila ndugu zangu, mmewahi sana kunitukana, kwa sababu bado hamjasikia dhambi ya pili.

Ya pili ni hii. Wiki tatu kabla ya asubuhi ninayotaka kuwasimulia, mlango ulianza kulia. Ukipanda unasaga, ukishuka unagonga. Nikamwita fundi Margwe, mtu wa Dirma aliyefanya kazi za milango na mageti Arusha miaka mingi. Alikuja siku Agustino yupo hospitali kwa ajili ya goti, na Bibi amekwenda jumuiya.

Margwe alihakikisha mlango uko chini kabisa. Akavuta kamba nyekundu inayoachanisha mlango na mota. Akaunyanyua kwa mikono mpaka kiunoni, akauachia, akaruka nyuma.

Mlango ukaporomoka.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona umeniangushia mlango."

"Mlango mzima ukiuachia katikati, unakaa pale pale. Huu umeanguka. Springi zimechoka." Akanionyesha juu ya mlango, pale zilipo springi mbili nene kwenye bomba. "Hizi ndizo zinazobeba uzito. Mota haibebi kitu, inasukuma tu. Moja ikikatika, uzito wote huu unabaki hauna wa kuubeba."

Akachuchumaa. Akapitisha kitambaa kwenye waya wa chuma unaovuta mlango, chini kabisa karibu na sakafu. Kitambaa kikanasa. Nyuzi za waya zilikuwa zimekatika na kusimama kama miiba.

"Hapa panalowa nini?"

"Mkojo wa ndama."

"Ndio unaokula waya. Na hii kwenye reli?"

"Samli. Bibi aliubariki mlango ulipofika. Huwa anarudia kila mwezi."

Margwe alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. "Reli haipakwi kitu, mwalimu. Inafutwa kwa kitambaa kikavu. Samli imeshika vumbi na manyoya, magurudumu hayaendi. Mafuta yanawekwa kwenye bawaba, kwenye magurudumu na kwenye springi, basi."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Springi zote mbili zibadilishwe pamoja, na waya zote mbili. Nitaziagiza Arusha. Vile vijicho vishuke mahali pake. Ndama watoke. Na mpaka nitakaporudi, mlango huu ubaki umefungwa, usibonyezwe na mtu. Pikapu ilale nje, ninyi piteni mlango mdogo wa jikoni. Boliti za springi msiziguse. Zina nguvu imejikunja ndani, rafiki yangu zilimtoa meno manne."

Nilimsikiliza vizuri, mpaka pale aliposema ndama watoke. Hapo masikio yangu yakafunga.

Lazima mnielewe, hata kama hamtanisamehe. Nilipoolewa mwaka sabini na sita, nikiwa binti wa shule, nilisema mbele ya watu kwamba ndama ananuka. Bibi Qamara hakula chakula cha mkono wangu mwezi mzima. Nilikuwa naweka sahani, anaisogeza pembeni bila neno. Tangu hapo sijawahi kumwambia lolote kuhusu ng'ombe. Nimesimamia walimu ishirini na wawili bila kutetemeka, lakini yule mama nilimwogopa kila siku iliyokuja.

Na wakati huo gerejini alikuwapo mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwenye mimba kubwa. Hakuwa wetu. Alikuwa wa mzee Hhando wa Balangdalalu, alimleta kwa Bibi amtunze, kama wazee wetu wanavyotunziana ng'ombe. Wewe unapata maziwa, ng'ombe na kizazi chake vinabaki vya mwenyewe. Ng'ombe wa namna hiyo akifia kwako, hakuna anayekushtaki, lakini hakuna tena anayekukabidhi mnyama wake. Bibi Qamara ametunza ng'ombe za watu tangu usichana wake na hajapoteza hata mmoja.

Jioni ile tukila, Agustino akauliza, "Fundi alisemaje?"

Bibi alikuwa pale pale, ananawa mikono.

"Amesema mlango ni mzima," nikajibu. "Unataka mafuta kidogo tu."

Hivyo tu. Nilijiambia mtamba azae kwanza, siku chache, halafu nitatafuta maneno. Ugali ukaliwa, na mlango ukaendelea kufunguliwa asubuhi na jioni.

Sasa nakuja kwenye asubuhi yenyewe. Ilikuwa Julai, na kwa mtu asiyejua Julai ya Mbulu, ni mwezi ambao maji ya kwenye beseni yanakuuma vidole. Julius alikuwa amelala Balangdalalu, tunamtarajia asubuhi hiyo. Mimi nipo jikoni nachemsha chai, redio inasoma matangazo ya vifo.

Nikasikia mota inanguruma. Nikajua ni Bibi, amekwenda kumfungulia mtamba apate jua.

Kisha ukaja mlio. Nilidhani mtu amefyatua bunduki darini. Vikombe vikagongana kabatini. Nikaacha sufuria, nikapita mlango mdogo wa jikoni mpaka gerejini.

Mlango ulikuwa umekwama robo tatu ya njia. Ukingo wake wa chini ulikuwa usawa wa kidevu changu. Nikatazama juu. Springi ya kushoto ilikuwa imekatika na kuachana, nafasi ya vidole vinne katikati. Waya wa upande huo ulikuwa umelegea, unaning'inia. Taa ya mota inapepesa. Chuma kizima cha Agustino kilikuwa kimening'inizwa na mkono wa mota na springi moja iliyochoka.

Na chini yake, sawasawa chini ya ukingo, mtamba alikuwa amelala. Mlio ulikuwa umemshtua, akakurupuka ili atoke nje, akateleza kwenye kizingiti chenye mkojo na kuanguka kwa urefu wa kizingiti chote. Chupa ilikuwa imeshapasuka. Nyuma yake, penye makalio, Bibi Qamara alikuwa amepiga magoti na shuka lake begani, mkono mmoja tumboni mwa mnyama.

Nikaushika ukuta. Naandika hili na mikono inakumbuka.

"Mama, toka hapo."

Hakugeuka.

"Mama, nakuomba utoke hapo chini."

"Hujanisalimu," akasema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sitoki. Mtoto yupo njiani."

Agustino akaja nyuma yangu kupitia jikoni, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, anachechemea. Patriki, jirani yetu muuza mbao, alikuwa nyuma yake. Mlio ulikuwa umefika mpaka kwake.

"Imekatika springi," Agustino akasema. Dereva anajua springi. "Ngoja nivute hiyo kamba nyekundu, tuunyanyue kwa mikono."

Alikuwa ameshainua mkono. Kamba ile ilikuwa inaning'inia mbele ya uso wake.

"Usiiguse," nikapiga kelele. "Kamba hiyo inavutwa mlango ukiwa chini. Ukiivuta sasa, mota inauachia wote."

Mkono wake ukabaki hewani. "Nani amekuambia?"

"Margwe."

"Margwe huyo huyo aliyesema mlango ni mzima?"

Nikachomoa simu kwenye mfuko wa aproni. Wakati huo huo taa ya mota ikazimika, na jikoni redio ikanyamaza katikati ya jina la marehemu. Umeme ulikuwa umekatika.

"Afadhali," akasema Patriki. "Mota yenyewe imelala sasa."

Margwe alipokea simu ilipoita mara ya pili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Springi imekatika."

Akauliza hapo hapo. "Mlango uko wapi?"

"Juu. Robo tatu."

"Nani yupo chini yake?"

"Mama mkwe. Anazalisha ng'ombe."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Sikiliza. Mtoe huyo mama kwanza, mambo mengine yasubiri. Tafuteni magogo mawili, msimamishe moja kila upande chini ya mlango. Kamba nyekundu isiguswe. Halafu chomoa plagi ya mota."

"Umeme haupo."

"Hata kama haupo, chomoa. Mwalimu, si nilikuambia mlango huu usibonyezwe? Nilikuambia ndama watoke. Kama ungenisikiliza siku ile..."

"Sikukupigia unifundishe," nikasema, na nikamkatia.

Ndivyo nilivyo. Akipiga mtu kidonda changu napiga na mimi. Simu ikaita tena mkononi, nikaizima. Plagi ilikuwa juu ya mota, kwenye dari, inahitaji ngazi. Umeme haupo, nikajiambia, plagi itasubiri. Kumbukeni hapo.

"Magogo," nikawaambia wanaume. "Mawili, yasimamishwe chini ya mlango."

"Nguzo za zizi," akasema Patriki, wakatoka na Agustino nyuma ya nyumba. Nikabaki na Bibi na mtamba na kile chuma.

Nikasogea, lakini kwa upande wa ndani. Sikuthubutu kusimama chini ya ukingo.

"Mama, mlango huu unaweza kushuka wakati wowote."

"Fundi alisema ni mzima."

"Springi imekatika, Mama. Tazama juu."

"Mimi nitazame juu nikamwacha huyu? Huyu ni wa Hhando. Ng'ombe wa mtu hafi mkononi mwangu kwa sababu nimesikia mlio." Akaingiza mkono taratibu na kuutoa. "Kitu kimoja kimekatika, kingine kimeshika. Fundi amekagua. Wewe ndiye uliyeniambia, tunakula, mwanangu yupo. Mwalimu hawezi kunidanganya."

Mwalimu hawezi kunidanganya. Alilisema bila kejeli. Ndivyo alivyoamini, mama asiyejua kusoma, kwamba mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo hasemi uongo.

Nikimwambia, atajua nimemlaza na ng'ombe wa Hhando chini ya kifo wiki tatu kwa kukwepa maneno. Agustino atajua. Jumuiya nzima itajua. Nilisimama pale nikipima aibu yangu na kichwa cha mama wa mume wangu, na nasema kweli mbele yenu wote, nilipima kwa muda mrefu kuliko inavyopasa.

Reli ikalia.

Mlango ukashuka upana wa kidole kimoja, ukasimama. Unga wa kutu ukamwagikia kwenye kilemba cha Bibi. Akaupangusa kwa kiganja, akaendelea.

"Nilidanganya," nikasema.

Hakusikia, au alisikia akataka nirudie. "Unasema?"

"Nilidanganya, Mama. Margwe alisema springi zimechoka. Alisema waya zimeliwa na mkojo. Alisema mlango usifunguliwe kabisa na ndama watoke. Nilificha. Na vile vijicho vya chini, ni mimi niliyeving'oa."

Nyuma yangu kitu kikagonga sakafu. Agustino alikuwa ameingia kupitia jikoni na nguzo moja begani, ikamponyoka. Hakuiokota. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu tulipofunga ndoa.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu mama yangu anapita hapo."

"Agustino, simamisha gogo kwanza."

"Wiki tatu, Mama Eva."

"Simamisha gogo, halafu uniue."

Patriki akaingia nyuma yake, akamsukuma pembeni, akainua nguzo mwenyewe na kuipima. Ilikuwa ndefu kwa mkono mzima, haingii chini ya mlango. "Nakwenda kuikata," akasema, akatoka nayo mbio kupitia jikoni. Agustino akamfuata kwenda kumshikia. Nadhani alikwenda ili asinione.

Bibi Qamara alikuwa bado amepiga magoti. Miguu miwili ya mbele ya ndama ilikuwa imetokeza, kwato laini za njano.

"Kwa nini ulinificha?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe, Mama. Tangu nilipoolewa. Nilisema ndama ananuka, ukaacha kula chakula changu mwezi mzima."

Akafikiri. Mtamba akasukuma, Bibi akavuta kidogo, mtamba akapumzika.

"Hilo la ndama nilikusamehe siku hiyo hiyo," akasema. "Chakula nilikiacha kwa sababu ulikuwa unaunguza. Ugali mbichi, mboga nyeusi. Nilimwambia Agustino asikuambie, usije ukaona aibu."

Nikataka kucheka na nikataka kulia, nikakosa yote mawili. Miaka thelathini na mitatu nimemwogopa mtu kwa mboga niliyounguza mwenyewe, na uoga huo ndio uliomweka hapa.

"Basi toka sasa, Mama. Umeshajua."

"Nimejua. Nitatoka." Akanyanyua mikono yake, imelowa mpaka kwenye viwiko. "Lakini mkono wangu hauna nguvu tena, na huyu akiachwa hivi anakufa yeye na mtoto. Nani atavuta?"

Nikatazama ukingo wa mlango. Kule nyuma nilisikia msumeno wa Patriki ukianza kula mti.

Mimi si shujaa. Lakini nilifikiri, uongo ni wangu, mahali pale ni pangu.

"Mimi nitavuta," nikasema.

Nikajikunja, nikaingia chini ya chuma, nikapiga magoti pembeni yake. Akanishika viganja, akavizungusha kwenye miguu ya ndama juu kidogo ya kwato.

"Akisukuma, vuta. Akipumzika, pumzika. Vuta kuelekea chini, usivute kama unang'oa muhogo."

"Nimesikia. Nenda."

Akainuka kwa kushika nguzo ya ukuta. Akapiga hatua moja, ya pili, akatoka nje kwenye jua. Nilihesabu hatua zake. Alipofika uani, mbali na ule ukingo, nikasema asante kwa sauti, sijui kwa nani.

Bibi Qamara yupo nje. Mzima. Nilikuwa nimemtoa kwa ukweli, ingawa ulichelewa.

Mtamba akasukuma, nikavuta. Pua ikatokea, na ulimi pembeni. Akasukuma tena, na safari hii akajinyoosha kwa nguvu, akajigeuza, na paja lake lote likaangukia mguu wangu wa kulia. Nikajaribu kuuchomoa. Haukutoka. Nikajaribu tena. Goti lilikuwa limekaliwa na nyama nzito yenye uchungu wa kuzaa.

"Mama," nikaita, "mwambie Patriki afanye haraka. Nimelaliwa mguu."

"Anakata bado."

Msumeno ulikuwa unasikika. Nikasema moyoni, tulia Hilaria, mlango umeshika, umeme haupo, gogo linakuja.

Hapo redio ikaongea jikoni.

Mtangazaji aliendelea na matangazo ya vifo, kama vile hakuna kilichotokea. Juu ya kichwa changu taa ya mota ikawaka. Umeme ulikuwa umerudi, na plagi niliyoambiwa niichomoe ilikuwa pale pale.

Nikamkumbuka Julius. Sikuwahi kumpigia. Simu nilikuwa nimeizima mwenyewe ili Margwe asinifundishe.

"Mama," nikasema. "Mwambie Agustino akimbie barabarani. Julius asibonyeze."

Bibi akapaza sauti kwa lugha yetu. Msumeno ukanyamaza. Nikaona kwa chini ya mlango miguu ya Agustino ikipita uani kuelekea getini, mmoja mzima na mmoja wa kuburuta, mikono yake sijui ilikuwa wapi, ila nilisikia anaita jina la mdogo wake.

Kutoka kona ya kanisa ikapigwa honi. Mara mbili.

Nikatazama juu. Kwenye boriti, ndani ya ile solotepu, vijicho viwili vilikuwa vinatazamana, hakuna kilichopita katikati yao. Kwa mlango ule, chini hapakuwa na mtu.

Mota ikaanza kunguruma.

Nikafunga macho. Nikasikia shuka linaburuzika sakafuni, na mikono miwili iliyolowa ikanishika chini ya kwapa. Nikayafumbua. Bibi Qamara alikuwa amerudi. Alikuwa amepiga magoti chini ya ukingo, pale pale nilipomtoa, ameniegemea kwa kifua chake chote.

"Toka, Mama. Toka, nakuomba."

"Vuta mguu, binti yangu," akasema.

Miaka yote hii nimekuwa Mama Eva. Hakuwahi kuniita binti yangu. Mgongo wake ulikuwa kati yangu na mlango, na mlango ulikuwa unashuka. Yaliyofuata nitayakiri wiki ijayo.